Aliyeshika Mpini: Biashara ya Pembe na Kipusa na Suala la Ukusanyaji wa Visu vya Jadi, kutoka Pwani hadi Mpaka wa Busia

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya visu na majambia ambayo mipini yake ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, kipusa, ganda la kasa na malighafi nyingine ambazo leo biashara yake imewekewa vikwazo. Inaonyesha kwamba uhusiano kati ya bapa la kisu na mpini wake ni muhtasari wa biashara ya Afrika Mashariki na dunia kwa karne nyingi: bapa lilikuja kutoka ng'ambo, mpini ukatoka bara. Kwa kutumia eneo la Buteba, kati ya Busia na Tororo, kama mahali pa kulitazamia suala hili, makala inajadili jinsi njia ya misafara ilivyogeuka kuwa mpaka wa kimataifa, na jinsi mpaka huo unavyomkabili mkusanyaji wa vitu vya kale na swali gumu la tarehe. Inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa makumbusho, mamlaka za wanyamapori na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuhusu watu wawili wasio na nguvu sawa kwamba mmoja ameshika mpini na mwenziwe ameshika makali. Usemi huu hutumiwa katika siasa na katika ndoa, lakini asili yake ni kisu chenyewe: anayeshika mpini ndiye anayekata, na anayeshika makali ndiye anayekatwa. Katika historia ya visu vya mipini ya pembe, usemi huu una maana ya ziada. Bara la Afrika Mashariki ndilo lililotoa malighafi ya mpini, lakini kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mpini wenyewe ulishikwa na watu wengine.

Ukusanyaji wa visu vya jadi ni shughuli ya zamani. Makumbusho, familia za pwani, watalii na wafanyabiashara wa vitu vya kale wamekuwa wakivitafuta kwa ufundi wake, kwa umri wake na kwa kumbukumbu zinazofungamana navyo. Tatizo linajitokeza pale ambapo thamani ya kisu imo katika mpini, na mpini umetokana na mnyama au mti ambao biashara yake inadhibitiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Vilivyo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa kifupi kama CITES. Mkataba huo ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Tangu wakati huo, kisu cha namna hii kimekuwa na hadhi mbili zinazovutana: ni urithi wa kihistoria, na papo hapo ni nyara ya mnyamapori.

Buteba imechaguliwa kwa makusudi. Ni eneo la Wilaya ya Busia nchini Uganda, kati ya mji wa Busia na Tororo, karibu na vituo viwili vya mpakani vyenye shughuli nyingi, Busia na Malaba. Hakuna ndovu Buteba, wala kifaru. Lakini bidhaa zitokazo bara kuelekea Mombasa hupita karibu na hapo, kama zilivyopita kabla mpaka haujachorwa. Sera ya ukusanyaji hujaribiwa katika mahali pa namna hii zaidi ya inavyojaribiwa katika ukumbi wa mikutano.

2.0 Bapa kutoka Muza, mpini kutoka bara

Ushahidi wa kale zaidi ulioandikwa kuhusu suala hili unapatikana katika *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake anaeleza kwamba masoko ya pwani ya Azania, likiwamo soko kuu la Rhapta, yalipokea mikuki iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya biashara hiyo huko Muza, bandari ya Yemeni katika Bahari ya Shamu, pamoja na mashoka madogo, visu, nyuzi za kutobolea na vyombo vya kioo. Kutoka pwani hiyo zilichukuliwa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anaongeza kwamba watu wa Muza walituma huko manahodha Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao na kuijua lugha yao.

Taarifa hii ni fupi, lakini inabeba muundo mzima wa biashara hiyo. Malighafi tatu zilizotajwa humo, yaani pembe za ndovu, kipusa na ganda la kasa, ndizo hasa ambazo karne nyingi baadaye zilikuja kuwa malighafi za fahari za mipini, na ndizo ambazo leo zimo katika orodha kali zaidi ya CITES. Yemeni iliyopeleka visu Azania ndiyo iliyokuja kuwa soko kubwa la mipini ya kipusa katika karne ya 20.

Shahidi wa pili ni al-Mas'udi, aliyesafiri katika pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10. Anaeleza kwamba pembe za ndovu za Zanji zilipelekwa kwanza Omani, na kutoka huko zikapelekwa China na India. Nchini India, anasema, zilitumiwa kutengenezea mipini ya majambia na vifaa vya panga, ingawa matumizi makubwa zaidi yalikuwa sataranji na michezo ya namna hiyo. Kwa hiyo, mpini wa jambia ulikuwa miongoni mwa sababu za kuuawa kwa ndovu wa Afrika Mashariki angalau miaka elfu moja kabla ya kuwapo kwa neno "ujangili" katika maana tunayoijua leo.

3.0 Njia ya Mumias na wahunzi wa Samia

Biashara ya pembe ilipanuka sana katika karne ya 19. Sultani Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, na mwaka 1833 akatia saini mkataba wa biashara na Marekani. Pembe laini za Afrika Mashariki zilitakiwa Bombay, London na Connecticut, ambako mji mmoja ulipewa jina la Ivoryton kwa sababu ya viwanda vyake vya pembe. Katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa pembe kwa ajili ya mipini ya visu vya mezani na visu vya kukunja vya mfukoni. Kisu kidogo katika mfuko wa karani wa Kiingereza na jambia katika mkanda wa tajiri wa Maskati vingeweza kuwa na mipini iliyotoka katika msafara mmoja.

Mojawapo ya njia za misafara hiyo ilipita Mumias, ambayo wakati ule ilijulikana kama Kwa Sundu, katika himaya ya Wanga. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walipafanya kituo cha kununulia pembe na chakula kabla ya kuendelea kuelekea Busoga na Buganda. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akapita njia hiyo hiyo kabla ya kuuawa Busoga. Nchi iliyo kati ya Mumias na Busoga ndiyo nchi ya leo ya Busia, Samia, Buteba na Tororo.

Ni kosa la kihistoria kuidhania nchi hii kuwa ilikuwa njia tu isiyo na visu vyake. Wasamia walisifika kwa kuyeyusha chuma na kwa uhunzi. Majembe yao yalienea mbali kwa jirani zao na yalitumika hata katika mahari. Hivyo, eneo hili lilikuwa na mabapa yake lenyewe kabla ya vyuma vya viwandani kuingia. Kisu cha mhunzi wa mpakani kilikuwa chombo cha kazi, nacho kilitiwa mpini wa mti uliopatikana karibu. Pembe haikuwa mpini hapa. Ilikuwa bidhaa ya kubadilishia. Tofauti hii ni muhimu kwa mkusanyaji wa leo. Kisu chenye mpini wa pembe kinachouzwa kandokando ya mpaka kwa jina la "kisu cha jadi cha hapa" kinapaswa kutiliwa shaka mara mbili: kwanza kuhusu uhalali wake, na pili kuhusu ujadi wake.

Mpaka wenyewe ni wa baadaye. Hadi mwaka 1902, eneo kubwa la magharibi mwa Kenya ya leo lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo likahamishiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuuchora. Reli ilipopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, njia ya miguu ya misafara ilipoteza kazi yake, lakini mwelekeo wa bidhaa haukubadilika: kutoka bara kwenda Mombasa.

4.0 Mpini kama cheo: Yemeni na Omani

Ili kuelewa kwa nini kipusa kilipata bei kubwa, ni lazima kuelewa kazi ya jambia. Katika Yemeni ya kaskazini, jambia ni sehemu ya vazi la mwanamume, nayo hutambulisha ukoo na heshima. Thamani yake imo katika mpini zaidi ya bapa. Kipusa, ambacho kwa asili ni keratini kama ukucha na si mfupa, hubadilika kadiri kinavyoshikwa: hung'ara, na baada ya miaka mingi hupitisha mwanga kidogo kama kaharabu. Wayemeni huuthamini mpini wa namna hiyo kwa sababu ya umri wake unaoonekana.

Kabla ya mapinduzi ya 1962, mipini ya kipusa ilikuwa hasa ya masharifu, makadhi na matajiri. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1970, vijana wengi wa Yemeni walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, ambako mapato ya mafuta yalikuwa yakipanda. Walirudi na fedha, na wengi wao wakataka alama ya heshima ambayo baba zao hawakuimudu. Mwanajiografia Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi na kuichunguza biashara hii kwa miongo kadhaa hadi alipouawa jijini humo Februari 2018, alionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya miaka ya 1970 Yemeni ya Kaskazini iliingiza wastani wa takriban tani 3 za kipusa kwa mwaka.

Matokeo yake yanaonekana katika idadi ya vifaru. Inakadiriwa kwamba Afrika ilikuwa na vifaru weusi wapatao 65,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki takriban 2,400. Nchini Kenya, idadi ilishuka kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Yemeni haikuwa sababu pekee, kwa kuwa dawa za jadi za Asia ya Mashariki nazo zilihitaji kipusa. Hata hivyo, ni mfano adimu wa mila moja ya mavazi kuathiri moja kwa moja uhai wa mnyama aliye maelfu ya kilomita mbali.

Serikali ya Yemeni ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa kipusa mwaka 1982, na mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemeni alitoa fatwa kwamba kuua vifaru kwa ajili ya pembe kunapingana na Uislamu. Mafundi walizidi kutumia pembe za nyati-maji kutoka India. Omani, ambayo hanjari yake imo katika bendera ya taifa tangu 1970, ilijiunga na CITES mwaka 2008, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa hanjari katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mfano huu wa Omani una funzo: kinachotambuliwa kama urithi ni ufundi na desturi, si malighafi ya mpini.

5.0 Magendo, marufuku na mpaka

Upande wa Uganda, miaka ya 1970 ilikuwa na masaibu mawili yaliyokwenda pamoja. Chini ya utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata, hifadhi za wanyama ziliachwa mikononi mwa wenye bunduki, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaru wote wa porini nchini Uganda walikuwa wametoweka. Ndipo mwaka 2005 Hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, ikaanza kuwarejesha vifaru weupe. Wakati huohuo uchumi rasmi uliporomoka, na neno la Kiswahili "magendo" likawa jina la uchumi mzima wa Uganda. Kahawa ilivushwa kwenda Kenya, bidhaa za dukani zikarudi, na njia za panya za Busia, Malaba na mashamba yaliyo kati yao zikajulikana na kila mtu. Mtandao uliozoea kuvusha gunia la kahawa hauhitaji mafunzo mapya ili kuvusha mzigo mdogo wenye thamani kubwa zaidi.

Sheria za nchi hizi hazikwenda sambamba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978, ikawa mwanachama wa CITES mwaka 1979. Uganda ilijiunga mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka wa Busia ulitenganisha nchi iliyofungwa na mkataba huo na nchi isiyofungwa nao. Leo tofauti hiyo imepungua sana. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa kumiliki nyara bila kibali. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu viumbe vilivyo hatarini. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, huwaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Lakini njia za panya hazina paa.

6.0 Tatizo la tarehe

Mkusanyaji mwaminifu hujitetea kwa hoja moja: kisu changu ni cha kale. CITES yenyewe inaitambua hoja hiyo, kwa kuwa Ibara ya VII inatoa msamaha kwa vitu vilivyopatikana kabla ya mkataba kuanza kumhusu mnyama au mmea husika. Nchi zenye masoko makubwa nazo zimejiwekea mipaka. Marekani, katika kanuni za 2016, iliacha nafasi kwa baadhi ya vitu vyenye pembe isiyofikia gramu 200, kiasi kinachoweza kujumuisha mipini mingi ya visu. Uingereza, katika Sheria ya Pembe ya 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu biashara ya vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, iwapo vimesajiliwa. Kipimo hicho hukiacha nje kisu kingi, kwa sababu mpini ndio nusu ya kisu.

Tatizo la msingi ni kwamba kisu si kitu kimoja. Jambia lina bapa, mpini, ala na mkanda, na kila kimoja huweza kubadilishwa peke yake. Bapa la babu hutiwa mpini mpya mjukuu anapopata fedha. Hilo si udanganyifu; ndiyo maisha ya kawaida ya chombo kinachotumika. Lakini kisheria maana yake ni kwamba umri wa bapa hauthibitishi umri wa mpini, na bapa la karne ya 19 linaweza kuwa kificho kizuri cha pembe ya juzi.

Sayansi inasaidia kwa kiasi. Michirizi inayopishana katika mkato wa pembe ya ndovu huitofautisha na mfupa na plastiki. Kipimo cha kaboni hubaini kama mnyama alikufa kabla au baada ya majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Utafiti wa Thure Cerling na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulitumia mbinu hiyo na kuonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya pembe zilizokamatwa katika shehena kubwa ilitoka kwa ndovu waliouawa miaka michache tu kabla ya kukamatwa, si katika akiba za zamani. Hata hivyo, vipimo hivi huhitaji maabara na fedha. Ofisa wa forodha anayeshika kisu kimoja saa nne usiku hana maabara. Ana macho yake na maelezo ya msafiri.

7.0 Lugha ya marufuku

Kuna upande wa suala hili ambao wanasheria na wanahifadhi huupita haraka, nao ni Kiswahili chenyewe. Kamusi zetu hufafanua *kipusa* kuwa pembe ya kifaru. Lakini katika Kiswahili cha vijana na cha magazeti ya Kenya, kipusa ni msichana mrembo. Bango linaloonya kuhusu "biashara ya vipusa" linaweza kusomwa kama onyo dhidi ya biashara tofauti kabisa. Vilevile, Kenya husema *pembe za ndovu* na Tanzania husema *meno ya tembo*. Wa kwanza anafuata istilahi ya kale ya biashara, wa pili anafuata ukweli wa kibiolojia. Msafiri aliyefundishwa neno moja hana uhakika kwamba lile jingine linamhusu.

Neno zito zaidi ni *nyara*. Kwa mzungumzaji wa kawaida, nyara ni mali iliyotekwa vitani au kuporwa. Sheria hulitumia kwa sehemu yoyote ya mnyamapori, hata mpini mdogo wa kisu alichorithi mjane. Si rahisi kwa mtu kuamini kwamba kumbukumbu ya mumewe ni nyara. Asipoamini hataisajili, na asipoisajili siku moja itauzwa kwa siri.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inapinga misimamo miwili iliyozoeleka. Wa kwanza unasema kwamba visu vya kale havina madhara kwa kuwa mnyama alikwisha kufa. Miaka ya 1970 ya Yemeni inaonyesha kwamba thamani ya mpini wa kale ndiyo iliyozaa hamu ya mpini mpya. Msimamo wa pili unasema kwamba kila kilicho na pembe kitwaliwe na kuteketezwa, kama zilivyoteketezwa tani 105 za pembe za ndovu mjini Nairobi tarehe 30 Aprili 2016. Uamuzi huo ulihusu pembe za ghalani. Ukitumiwa kwa vitu vya historia, ungeigusa hata siwa ya pembe ya Pate iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, na hakuna anayependekeza hivyo.

Makala hii inapendekeza yafuatayo. Kwanza, makumbusho za taifa za Kenya, Uganda na Tanzania ziweke daftari la pamoja la visu na majambia yenye mipini ya malighafi zilizodhibitiwa, lenye picha, vipimo na maelezo ya familia, pamoja na muda maalumu wa kusajili bila kushtakiwa. Kitu kilichosajiliwa kirithiwe au kikabidhiwe makumbusho, kisiuzwe. Pili, bapa na mpini viandikwe kama vitu viwili vyenye tarehe mbili. Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2021 ilikubali Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi, itoe orodha moja ya istilahi za malighafi hizi, na orodha hiyo ibandikwe Busia na Malaba pamoja na picha. Nne, mafundi wasaidiwe kutumia mbadala uliopo, hasa pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo mafundi wa Uganda tayari huzigeuza kuwa vyombo na mapambo. Tahadhari hiyo iuhusu pia mpingo, kwa kuwa jenasi yake nzima iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES mwaka 2017. Mpini wa mti si lazima uwe mpini huru.

Kwa karne nyingi Afrika Mashariki ilipokea bapa na kutoa mpini. Sheria, daftari na istilahi zikitungwa hapa, kwa lugha inayoeleweka Buteba na Mombasa, nchi hizi zitakuwa zimeanza kuushika mpini wenyewe.